Goma: Kabla ya kununua tableti, angalia kwanza klaviye

Wiki tatu zilizopita nilishuka Birere na dola 140 mfukoni, nikarudi Katindo na sanduku moja la karatasi ngumu. Ndani yake kulikuwa na tableti ya inchi 10, klaviye ya kuunganisha na kutenganisha, suri ndogo, shaja na kalamu ya plastiki ya kugusia kioo. Muuzaji aliniambia: « Papa, hii iko kamili. Iko ordinateri, iko simu. Utanishukuru. » Sikuinunua kwa ajili yangu. Ilikuwa ya binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja cha hapa mjini, anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo.

Niseme kwanza kwa nini tulifikia hapo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 binti huyo alikuwa amefikisha kurasa 43. Zote alikuwa ameziandika kwa mkono kwenye daftari, kisha akawa anazipeleka kidogo kidogo kwenye birotiki, zile nyumba ndogo za kuchapa na kutoa fotokopi ambako mwanafunzi analipa kwa kila ukurasa. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya mashini ya mtu mwingine. Mwisho wa Januari vita viliingia Goma. Umeme ulikatika, intaneti ikakatika, maduka mengi yakaporwa. Nyumba ile nayo iliporwa. Ordinateri ikaenda, na kurasa 43 zikaenda nayo. Daftari lenyewe alikuwa ameshaacha kulitunza, kwa sababu, alisema, « iko tayari kwenye mashini ».

Kwa hiyo maneno haya si matangazo ya biashara. Sitataja aina ya tableti wala duka. Nasema tu nilichoona katika wiki tatu, pamoja na jambo moja ambalo sikulitegemea: kati ya vitu vyote vilivyotoka ndani ya sanduku, kilichobadilisha kitu nyumbani si kioo. Ni klaviye.

Kioo tulikuwa nacho tayari

Kioo cha kugusa si kitu kigeni kwetu. Vijana wengi wa Goma wana simu ya aina hiyo, na asiyekuwa nayo anaazima ya kaka yake. Hata wazee ambao hawajawahi kumiliki simu ya namna hiyo waligusa kioo siku ya uchaguzi, tarehe 30 Desemba 2018 na tena tarehe 20 Desemba 2023, mbele ya mashini ya kura. Mtu anaona picha na namba, anagusa, karatasi inatoka. Mashini inaonyesha, sisi tunachagua.

Simu zetu zinafanya vile vile kila siku. Zinaonyesha, tunagusa. Video, picha, sauti za WhatsApp. Kuandika tunaandika, lakini ni mstari mmoja au miwili: « Uko wapi? », « Nitumie makuta ». Jaribu kuandika kurasa 40 kwa kidole gumba, na maelezo chini ya kila ukurasa, uone kama utafika ukurasa wa tano. Ndiyo maana mwanafunzi anayeshinda na simu mkononi tangu asubuhi hadi usiku bado anamlipa mtu mwingine amchapie kazi ya shule. Hajakosa mashini. Amekosa vitufe.

Makampuni makubwa yalilitambua hilo zamani. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Surface, tableti ambayo kifuniko chake chenyewe kilikuwa klaviye, kikishikwa na sumaku. Mwaka 2015 Apple nayo ilitoa iPad Pro na klaviye yake ya kushikamana, iliyouzwa kando. Hata jirani yetu Vérone Mankou wa Brazzaville, aliyetoa tableti yake ya Way-C mwaka 2012 na kuitengenezea China, alitupatia kioo kitupu. Ilikuwa fahari kwa Waafrika wengi, na haki yake apewe. Lakini kioo kitupu ni cha kutazama zaidi kuliko cha kuandika.

Siku ya kwanza: Goma ikawa « Go;q »

Jioni ile ile tuliunganisha klaviye. Binti akakaa, akanyoosha vidole kama alivyofundishwa katika masomo ya sekondari, kwenye opsheni ya biashara, akachapa jina la mji wetu bila kuangalia chini. Kioo kikaandika: « Go;q ».

Tulicheka, lakini hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo, na kila mnunuzi wa Goma anapaswa kulijua. Sisi Wakongomani tulijifunza kuchapa kwa mpangilio wa herufi wa AZERTY, ule wa Wafaransa na Wabelgiji. Vifaa vingi vinavyofika Birere vinatoka Dubai, vikipitia Kampala, Nairobi au Kigali, na vimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotumia QWERTY ya Kiingereza. Palipo na A kwetu, kwao kuna Q. Palipo na Z, kwao kuna W. Herufi M kwetu iko pembeni ya L, kwao imeshuka chini karibu na N. Mtu aliyezoea AZERTY akichapa Kiswahili kwenye klaviye ya namna hiyo anaumia zaidi, maana neno la Kiswahili lisilo na A ni la kutafuta.

Muuzaji hakunieleza hilo. Nami sikuuliza. Dawa iko, na ni bure: ingia kwenye mipangilio ya tableti, tafuta sehemu ya lugha, kisha klaviye ya nje, uchague Kifaransa. Hapo vidole vinapata nyumba yao, na alama kama é, è, à na ç zinapatikana bila shida, jambo la lazima kwa mwanafunzi anayeandika kwa Kifaransa. Ila sasa herufi zilizochorwa juu ya vitufe zinasema uongo. Sisi tulikata vipande vidogo vya karatasi, tukaandika A, Q, Z, W na M kwa kalamu, tukabandika na skochi. Haipendezi, lakini inafanya kazi.

Kuna na jambo la lugha. Tableti ilipokuwa imewekwa kwa Kifaransa tu, ilikuwa inatusahihisha kwa nguvu, kila neno la Kiswahili ikidhani ni Kifaransa kilichokosewa. Kumbe katika orodha ya lugha za Android kuna Kiswahili, na ukikifungua unaulizwa ni cha nchi gani: Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo. Ndiyo, Kongo imo. Watu wengi niliowaonyesha hawakujua kama tumo kwenye orodha hiyo. Weka lugha zote mbili, Kifaransa na Kiswahili, na ugomvi utapungua.

Umeme ndio ulinishawishi

Wengi wameniuliza: kwa pesa hizo, kwa nini hukununua ordinateri ya okazi? Swali ni la haki. Kwa dola 140 unaweza kupata ordinateri iliyotumika Ulaya, yenye nguvu kuliko tableti hii. Lakini mara nyingi utaipata na betri iliyokufa. Hiyo ni mashini inayoishi ukutani: umeme ukienda, nayo inaenda, na kazi ambayo hujahifadhi inapotea.

Hapa kwetu tuna SNEL, tuna Virunga Énergies inayoleta umeme wa maji kutoka Matebe, tuna Nuru na jua lake kule Ndosho. Bado kuna nyumba zinazokaa gizani, na kuna siku kredi ya kaunta inaisha kabla ya mwezi kuisha. Tableti inachajiwa kwa shaja ya simu. Inakubali pawabanki. Inakubali panneau ndogo ya jua iliyo juu ya bati, ile inayowasha taa tatu. Ordinateri kubwa inataka shaja yake yenyewe na nguvu nyingi zaidi, na ukitaka kuilisha kwa jua unahitaji betri kubwa na konvetisa. Katika wiki hizi tatu, binti ameandika usiku mara nyingi bila umeme wa ukutani, saa tano au sita bila kuchaji, kioo akiwa amepunguza mwanga.

Tahadhari moja. Klaviye za bei ya chini zinaungana na tableti kwa Bluetooth, na zina betri yao ndogo ndani. Kwa hiyo una vitu viwili vya kuchaji. Usiku wa pili tableti ilikuwa imejaa na klaviye imekufa. Zile za bei kubwa zinashikamana na tableti kwa meno madogo ya chuma na kula umeme wa tableti yenyewe. Muulize muuzaji ni ya aina gani kabla ya kutoa pesa.

Na kuna jambo ambalo mtu wa Goma analielewa bila kuelezwa. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, tuliamriwa kuondoka. Watu walitembea kuelekea Sake na Gisenyi, kila mmoja na alichoweza kubeba. Tableti na klaviye yake haifiki mbali na kilo moja. Inaingia katika mfuko wa mtoto, chini ya kitenge. Natumaini haitahitajika hivyo. Lakini mimi nimeshahesabu.

Sanduku linaandika, mashini inakanusha

Juu ya sanduku letu kumeandikwa nafasi ya kuhifadhi kubwa ajabu, sawa na ya tableti za dola 800. Nilishangaa, nikafurahi, kisha nikaanza kuhofu. Tulichukua flashi ya jirani iliyojaa filamu, tukajaribu kuzinakili. Nafasi iliisha mapema sana, mbali kabisa na namba iliyoandikwa.

Si tableti yetu tu. Vifaa vya bei ya chini vyenye namba kubwa juu ya sanduku ni biashara ya kawaida, na mtu anayenunua kwa macho analipia maandishi. Usikubali sanduku lililofungwa. Washa tableti hapo hapo dukani. Usiishie kwenye ukurasa wa mipangilio unaoonyesha nafasi, kwa sababu hata huo unaweza kutengenezwa ili udanganye. Nenda na flashi yako yenye mafaili mazito, nakili, kisha ufungue faili la mwisho uone kama linafunguka. Chapa ukurasa mmoja mzima kwa klaviye. Zima Bluetooth, iwashe tena, uone kama klaviye inarudi yenyewe. Muuzaji mwaminifu atakuvumilia dakika ishirini. Asiyetaka kukuvumilia, mwachie sanduku lake.

Daftari la mama

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike maoni haya.

Mama wa binti huyu, shemeji yangu, anauza mboga na unga. Yeye ni mtunzaji wa likelemba ya akina mama kumi na sita. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, kila mtu hapa anajua likelemba ni kitu gani: ndiyo benki, ndiyo bima, ndiyo ada ya shule. Hesabu zote za akina mama wale ziko katika daftari moja la mistari, lililolowa maji mara mbili na kuraruka jalada. Kila baada ya muda kunatokea ugomvi: nani ametoa, nani bado, zamu ni ya nani.

Jumapili ya pili aliketi pembeni ya binti yake na kumwambia: « Mama, acha kidogo kazi yako ya shule, nisomee hii. » Yule akasoma daftari, huku akichapa majina na tarehe na franka katika jedwali. Ilichukua mchana mzima. Mwishoni mashini ilijumlisha, na jumla ikaonyesha kwamba mtu mmoja alikuwa ametoa mara mbili wiki moja na hakuna aliyejua. Shemeji yangu alinyamaza, kisha akasema: « Huyu alikuwa analia na sisi tunamwita mwongo. »

Kazi hiyo ingewezekana kwenye simu? Labda. Lakini simu haikuifanya, na simu ilikuwapo nyumbani miaka yote. Klaviye ilipowekwa mezani, mtu mzima aliona meza ya kazi na akaleta kazi. Wiki iliyofuata mama mwingine alikuja na barua ya kuandikia mwenye nyumba. Kisha mzee mmoja wa kanisa na ripoti ya mkutano. Wote wanazungumza Kiswahili vizuri, na wote wanajua wanachotaka kusema. Walichokosa ni mahali pa kukiweka bila kulipa mtu kwa kila ukurasa na bila kuacha siri zao katika ordinateri ya dukani.

Isichoweza kufanya

Sitaki kumdanganya msomaji. Tableti hii si ordinateri, hata kama muuzaji aliapa. Kwenye magoti haikai: kifuniko kinaanguka nyuma, lazima uwe na meza. Ukichapa haraka sana, herufi zinachelewa kutokea. Ukifungua programu tatu pamoja, inachoka. Kupanga ukurasa wa yaliyomo, kunyoosha majedwali makubwa na namba za kurasa, hayo yalitushinda, na tumekubali kwamba mwishoni tutakwenda birotiki kwa siku moja kumaliza na kuchapisha. Anayefanya hesabu za takwimu kwa programu nzito, anayechora ramani za nyumba, anayekata video, atafute ordinateri, hata ya okazi, na apange pesa ya betri mpya.

Na kwa mtoto wa masomo ya msingi, sioni sababu. Kwake itakuwa televisheni ndogo, na klaviye itabaki ndani ya sanduku.

Halafu kuna somo la kurasa 43. Tableti nayo inaibiwa, inaanguka, inaungua. Kila Ijumaa binti ananakili kazi yake kwenye flashi inayokaa kwa bibi yake, na kujitumia nakala kwa barua pepe anapopata mega. Ameweka namba ya siri kwenye kioo. Asiyefanya hivyo amehamisha tu mahali pa kupoteza.

Ninachowaomba wasomaji

Tukizungumza vifaa hivi hapa Kivu, mazungumzo huishia kwenye koltani. Ni haki. Tantali inayotoka kwenye koltani inaingia katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na tableti, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba Rubaya peke yake, hapo Masisi, hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Inawezekana chembe ya udongo wetu ilienda Asia na kurudi Birere ndani ya sanduku nililolipia dola 140. Hilo linauma, na maoni haya hayataliponya.

Lakini kuna hasara nyingine ambayo hakuna anayetulazimisha kuikubali: kifaa kurudi kwetu na sisi kukitumia kwa kutazama tu. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwa wazazi na wanafunzi: kama mna simu nzuri nyumbani, msikimbilie tableti. Klaviye ya Bluetooth inauzwa peke yake, kwa sehemu ndogo ya bei niliyotoa, na inaungana na simu mliyo nayo. Kioo kitakuwa kidogo, ndiyo. Lakini kurasa zitakuwa zenu. Mkiona kazi inaenda, ndipo mfikirie tableti.

Kwa wafanyabiashara wa Birere na wa barabara kuu: leteni klaviye za AZERTY. Wateja wapo. Na mkikosa, angalau mwambieni mnunuzi ukweli, mumuuzie na vibandiko vya herufi.

Kwa wakubwa wa vyuo na masomo yetu: mnadai kazi iliyochapwa, kwa herufi ya ukubwa fulani na nafasi fulani kati ya mistari. Basi fundisheni kuchapa. Zamani wanafunzi wa opsheni za biashara na za ukatibu walifundishwa daktilo kwa mashini za chuma, vidole kumi, bila kuangalia chini. Somo hilo lingekuwa la kila mwanafunzi leo, hata kwa klaviye tano na simu tano darasani.

Jana usiku nilipita sebuleni saa nne. Umeme haukuwapo. Binti alikuwa mezani, uso wake ukimulikwa na kioo, vipande vya karatasi vikianza kubanduka kwenye A na M. Nilimuuliza amefika wapi. « Ukurasa wa 31, baba mdogo », akajibu bila kuinua kichwa. Bado kumi na mbili afikie pale alipokuwa kabla ya vita.